Mwongozo wa kusikiliza redio ya masafa mafupi na kuutambua mvurugo wa makusudi

Ukitembeza redio ya masafa mafupi usiku, hutachukua muda kukutana na sauti isiyoeleweka: mngurumo mzito umemkalia mtangazaji anayejitahidi kusikika, au ngoma na matoazi yanalia mfululizo bila jina la kituo wala salamu kwa wasikilizaji. Wengi hukimbilia kusema kuna serikali inavuruga, yaani inarusha kelele juu ya kituo ili kisisikike. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi zaidi ni chaja ya simu iliyochomekwa ukutani karibu na ulipokaa. Mwongozo huu ni wa anayetaka kutofautisha hayo mawili kwa ushahidi, na pale mvurugo ulipo kweli, ajue namna ya kusikia kilichofunikwa na namna ya kuweka kumbukumbu itakayomfaa mtu mwingine.

Shika jambo moja tangu sasa, maana hatua zote zinalizunguka. Mvurugo wa makusudi una shabaha. Kelele ya kawaida haina habari ni kituo gani kinatangaza, kwa lugha gani, wala kinafungua saa ngapi. Mvurugo huanza na kituo, hukifuata kinapohama, na hukoma kinapofunga. Kazi yako ni kuonyesha ufuataji huo.

Hatua ya 1: Redio na waya

Mtambo mkubwa hauhitajiki. Redio ndogo ya kubeba mkononi inatosha ikiwa inaonyesha masafa kwa tarakimu, kilohezi (kHz) kwa kilohezi, inapokea SSB (njia ya kusikiliza upande mmoja tu wa wimbi), na inakuruhusu kubana upana wa kichujio, yaani kipande cha masafa ambacho redio inakiruhusu kupita. Tecsun PL-330 na XHDATA D-808 zote zina sifa hizo, na PL-330 ina kitu cha ziada kiitwacho sync ambacho nitakirudia kwenye hatua ya 6. Redio ya mshale ni nzuri kwa kusikilizia habari, lakini haitakuwezesha kuandika kwa uhakika kwamba mvurugo ulikuwa kwenye kilohezi 9,640 na si 9,645. Vituo vya masafa mafupi hupangwa kwa hatua za kilohezi 5, kwa hiyo kosa dogo kama hilo linamsingizia jirani.

Kama una kompyuta, fikiria SDR, yaani kipokezi kidogo ambacho kazi yake kubwa hufanywa na programu. RTL-SDR V4 ni ya kuanzia, na Airspy HF+ Discovery ni bora zaidi kwa masafa haya. Faida yake kubwa ni ile picha inayoteremka kama maporomoko ya maji kwenye skrini, ambayo inakuonyesha kila wimbi lilipo, upana wake, na dakika lilipotokea. Ukishazoea kusikiliza huku unaitazama, utaona mambo ambayo sikio peke yake huyapita.

Kuhusu antena, chukua mita 5 hadi 10 za waya wa kawaida wa umeme na uubane kwenye antena ya kuvuta ya redio yako. Usizidishe. Redio ndogo ikilishwa waya mrefu hulemewa, na kituo chenye nguvu huanza kusikika mahali ambapo hakipo. Katika redio nyingi za zamani na za bei rahisi kivuli hicho hujitokeza kilohezi 910 chini ya mahali halisi, na ukikikuta kimelalia kituo kingine utadhani umegundua mvurugo. Ukiwa na shaka, toa waya. Kivuli kitapotea, lakini mvurugo wa kweli utapungua nguvu sambamba na kila kitu kingine.

Usipitishe waya huo juu au chini ya nyaya za umeme hata kidogo, na uuchomoe mara tu unaposikia radi. Hapo sina mzaha.

Hatua ya 2: Zima kelele za nyumbani kwako

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo maana taarifa nyingi za mvurugo hazina thamani. Weka betri kwenye redio, tafuta ile kelele, kisha kazime swichi kuu ya umeme ya nyumba. Kelele ikikatika papo hapo, mhusika ni wa nyumbani. Washa tena kitu kimoja kimoja hadi umpate. Washukiwa wa kawaida ni chaja za simu na kompyuta, taa za LED, ruta, televisheni, na inveta ya sola. Isipokatika, tembea na redio hadi uwanja wazi ulio mbali na nyumba na nyaya, kwa sababu huenda inatoka kwa jirani.

Kelele ya vifaa vya umeme ina alama mbili zinazoitambulisha. Ya kwanza, haififii. Wimbi lililosafiri maelfu ya kilomita kupitia angani hupanda na kushuka, wakati mwingine ndani ya sekunde chache, ilhali chaja iliyo chumba cha pili hukaa palepale kwa nguvu ileile saa nzima. Ya pili, hujirudia. Ukisogeza masafa utaikuta tena baada ya makumi kadhaa ya kilohezi, na tena mbele yake, kwenye mabendi yote, bila kujali kama kuna kituo. Mtambo wa kuvuruga haupotezi umeme kwenye chaneli tupu.

Ukimkamata mhusika, badilisha chaja au viringisha waya wake mara kadhaa kwenye pete ya feraiti, ile pete nyeusi inayomeza kelele za umeme. Wakati mwingine kuihamisha redio mita tatu tu kunatosha.

Hatua ya 3: Jua bendi ipi inaamka saa ngapi

Masafa mafupi husafiri mbali kwa sababu tabaka la juu la angahewa liitwalo ionosfia huyarudisha mawimbi duniani. Mchana tabaka lake la chini hunywa mawimbi ya masafa ya chini, hivyo mita bendi 49 (kilohezi 5,900 hadi 6,200) na 41 (7,200 hadi 7,450) hushika vituo vya karibu tu. Jua likizama hufunguka. Mita bendi 19 (15,100 hadi 15,800) na 16 (17,480 hadi 17,900) ni za mchana. Mita bendi 31 (9,400 hadi 9,900) na 25 (11,600 hadi 12,100) ndizo zenye msongamano mkubwa jioni na alfajiri, na ndizo ningekushauri uanze nazo. Mwendo huu hubadilika pia na mzunguko wa jua wa takriban miaka 11: jua likiwa na madoa mengi, masafa ya juu hufika mbali zaidi.

Andika saa zako zote kwa UTC, yaani saa ya kimataifa iliyo sawa duniani kote. Sisi tuliozoea kuhesabu saa tangu jua linapochomoza tuna sababu ya ziada: "saa tatu" katika daftari inaweza kusomwa kwa namna nne na mtu wa mbali, na taarifa ya mvurugo isiyo na saa ya uhakika haimsaidii mtu.

Pata ratiba. EiBi ni orodha ya bure kwenye mtandao inayoonyesha kila masafa, saa, kituo, lugha na eneo linalolengwa. Vituo vya kimataifa hubadilisha ratiba mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na HFCC ndicho chombo ambacho wenye vituo hukutania kupanga masafa ili wasigongane. Orodha ya msimu uliopita itakudanganya. Katikati ya msimu nako mambo hubadilika: Machi 2025 serikali ya Marekani iliyasimamisha matangazo ya redio yake ya Sauti ya Amerika (VOA), na masafa mengi yaliyokuwa na sauti yakabaki matupu.

Hatua ya 4: Zoeza sikio

Hapa ndipo pa kutumia jioni zako nyingi.

Mvurugo wa kelele tupu ndio wa kawaida zaidi. Ni mngurumo au mvumo unaojaza chaneli nzima ya kituo, takriban kilohezi 10. Ule wa Korea Kaskazini dhidi ya matangazo kutoka Kusini wasikilizaji waliufananisha na injini ya ndege ya jeti. Ethiopia na Eritrea zimevurugana kwa miaka mingi kwenye kilohezi 7,100 hadi 7,200, eneo ambalo kimataifa ni la waendesha redio wa ridhaa, nao wamelalamika sana, kwa kuwa mvumo ule huwazuia kuongea hata walio mabara mengine. Machi 2010 Waziri Mkuu Meles Zenawi alisema hadharani kwamba serikali yake ilikuwa ikijaribu mitambo ya kuvuruga idhaa ya Kiamhara ya VOA, akaifananisha idhaa hiyo na Radio Mille Collines ya Rwanda, iliyochochea mauaji ya kimbari ya 1994. Ni nadra kiongozi kukiri hivyo. Kwa kawaida hakuna anayekiri, na ndiyo sababu ushahidi wa msikilizaji una kazi.

Cuba nayo imekuwa ikiivuruga Radio Martí, iliyoanza kurushwa kutoka Marekani tarehe 20 Mei 1985. Mlio wake wa masafa mafupi una mapigo yanayobubujika, na ukishausikia mara moja utautambua tena. Unasikika mbali sana kutoka kisiwani.

Aina ya pili hutumia muziki au maneno, na hii huwachanganya wengi kwa sababu inafanana na kituo. China ilitumia kwa miaka mingi mkanda wa muziki wa kijadi wenye ngoma, matoazi na zumari, unaozunguka kwa takriban saa nzima bila neno hata moja. Wasikilizaji waliupa jina la Firedrake. Ulielekezwa kwa vituo kama Sound of Hope na idhaa za Kichina na Kitibeti kutoka nje. Baadaye njia iliyoshika kasi ni kurusha programu ya kawaida ya kituo cha taifa, CNR 1, moja kwa moja juu ya kituo kinacholengwa. Mitambo kadhaa hurusha programu hiyo kwa pamoja kutoka mahali mbalimbali, na kwa kuwa haifiki kwako kwa wakati mmoja, unasikia mwangwi, neno moja likigonga mara mbili au tatu. Mwangwi ule ni ushahidi mzuri. Hakuna kituo kinachopanga masafa yake mwenyewe kisikike hivyo.

Njia hiyo si mpya. Umoja wa Kisovieti, ulioanza kuvuruga VOA mwaka 1948 na BBC mwaka uliofuata, ulikuwa na mitambo ya kelele, lakini pia ulirusha programu yake ya Mayak ikiwa imepotoshwa juu ya vituo vya kigeni. Mitambo mingi ya kelele ilijitambulisha kwa herufi mbili za Morse, ili mafundi wao wenyewe wajue ni upi unafanya kazi. Uvurugaji ulipungua na kuongezeka kufuatana na siasa: ulilegezwa kwa VOA na BBC mwaka 1963, ukarudi Agosti 1968 majeshi yalipoingia Chekoslovakia, ukalegezwa 1973, ukarudi Agosti 1980 wakati wa migomo ya Poland. BBC iliachiwa Januari 1987, VOA Mei mwaka huohuo, na Radio Liberty, redio ya Kimarekani iliyowalenga Wasovieti, mwishoni mwa Novemba 1988. Nayakumbusha haya kwa sababu ya faida yake leo: ukisikia mvurugo umeanza ghafla juu ya idhaa iliyokuwa safi, angalia habari za nchi inayolengwa. Mara nyingi kuna uchaguzi, maandamano au vita.

Wala si kazi ya upande mmoja wa dunia. Mwaka 1956 Uingereza iliyavuruga matangazo ya Redio Athens yaliyoelekezwa Cyprus, na mwaka 1970 ikakivuruga kituo cha Radio Northsea International kilichokuwa melini. SW Radio Africa, iliyokuwa ikiwatangazia Wazimbabwe kutoka London, ilianza kuvurugwa mwaka 2005. Korea Kusini pia imekuwa ikiyavuruga matangazo ya Kaskazini. Msikilizaji makini huandika anachosikia bila kupendelea.

Sasa zijue sauti ambazo si mvurugo, maana zitakupotosha. Redio ya kidijitali ya DRM husikika kama mvumo tambarare wa upana wa kilohezi 10, na kwenye skrini ina kingo zilizonyooka kama zimekatwa kwa rula. Angalia ratiba na utaikuta imeandikwa. Rada za kuona ng'ambo ya upeo wa macho hugonga kwa kasi isiyobadilika, huwa pana, na hurukaruka kutoka masafa hadi masafa bila kujali nani yupo. Maarufu kuliko zote ilikuwa Duga ya Kisovieti, jirani na Chernobyl, iliyogonga takriban mara 10 kwa sekunde kati ya 1976 na 1989 hadi ikaitwa Kigong'ota. Rada za kupimia mikondo ya bahari hutoa mlio unaoteleza na kujirudia. Na ule mlio mkavu wa kilohezi 4,625 ni kituo cha kijeshi cha Urusi chenyewe, haukifuniki kituo kingine.

Hatua ya 5: Thibitisha kabla ya kutaja

Chagua kituo kimoja unachoshuku na ukae nacho. Fika kwenye masafa yake dakika tano kabla ya kufungua. Je, kelele ipo tayari? Inaanza dakika ngapi? Mitambo ya kuvuruga mara nyingi huwashwa dakika moja au mbili kabla, na wakati mwingine unasikia wimbi tupu likija kwanza, kisha mngurumo. Subiri hadi mwisho. Mtangazaji akiaga na mngurumo ukakatika muda mfupi baadaye, umepata nusu ya ushahidi.

Ingizo la daftari linalofaa huwa hivi (SINPO ni alama za usikivu, nitazieleza kwenye hatua ya 8):

14:57 UTC, kHz 11,8xx: kimya. 14:58: mngurumo umeanza ghafla, upana kama kHz 10, unapanda na kushuka. 15:00: mtangazaji, mwanamke, chini ya mngurumo, jina la kituo limesikika 15:01. SINPO 31431. 15:29: ameaga. 15:31: mngurumo umekatika, chaneli tupu.

Nusu ya pili ni kurudia siku nyingine. Tukio moja laweza kuwa bahati mbaya. Saa ileile kwa siku kadhaa mfululizo ni mpango.

Tafuta kubadilika kwa lugha. Kituo kikitangaza Kiingereza bila tatizo, kisha saa inayofuata, mtambo uleule na masafa yaleyale, kikaingia lugha ya nchi fulani na mngurumo ukaja nayo, huna haja ya kubahatisha shabaha ni nani. Nyakati za Kisovieti matangazo ya BBC ya Kirusi yalizamishwa huku ya Kiingereza kwa kawaida yakiachwa.

Kisha angalia kama unakifuata. Vituo vinavyovurugwa mara nyingine huhama kilohezi 5 au 10 katikati ya kipindi. Mvurugo ukihama navyo baada ya dakika chache, huo ndio ushahidi wenye nguvu kuliko wote, kwa sababu lazima awepo mtu anayesikiliza na kuelekeza.

Kama kinachofunika ni kituo kingine, soma ratiba kabla ya kulaumu. Migongano isiyo na nia mbaya ipo mingi, hasa wiki za kwanza za msimu mpya. Ukisikia programu ya CNR 1, tafuta masafa yake rasmi na ulinganishe maneno kwa wakati mmoja. Ni programu ileile, masafa haya hayamo kwenye orodha yake, na yana mwangwi? Basi andika mvurugo.

Lipo jambo ambalo hata wazoefu husahau: unachosikia ulipo si lazima kiwe kinachosikika kwa walengwa. Kituo kinaweza kukufikia safi kabisa huku mji kinaoulenga hausikii chochote, kwa sababu huko kuna mitambo midogo ambayo mawimbi yake hutambaa ardhini na kufunika mji mmoja tu. Ndivyo ilivyokuwa kwa miji mikubwa ya Kisovieti, na watu walikwenda mashambani kusikiliza. Kinyume chake pia hutokea. Kwa hiyo tumia vipokezi vya mbali. Mtandao wa KiwiSDR una mamia ya vipokezi vya watu binafsi duniani ambavyo unaweza kuvifungua kwa kivinjari na kuvisogeza mwenyewe. Chagua kilicho ndani au jirani na eneo linalolengwa. Nje ya mtandao huo, kipokezi cha Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, ni kizuri kwa kulinganishia kutoka Ulaya. Ukikuta mngurumo uleule, unaoanza na kukatika sekunde ileile, kwenye vipokezi vitatu vilivyo nchi mbalimbali, hoja ya chaja ya nyumbani imekufa.

Kuhusu nchi mvurugo unakotoka, kuwa mwangalifu. Nguvu pekee haitoshi. Vipokezi vya KiwiSDR vyenye saa ya GPS huweza kulinganisha wimbi limefika kila kimoja kwa tofauti gani ya muda na kukadiria eneo, lakini ni makadirio. Usipokuwa na kipimo hicho, andika "mvurugo wa kelele dhidi ya kituo fulani" na uishie hapo.

Hatua ya 6: Kupenya

Anza na ratiba, kwa kuwa njia rahisi ni kuukwepa mvurugo. Kituo kinachotarajia kuvurugwa hurusha kipindi kilekile kwenye masafa mawili, matatu au zaidi kwa wakati mmoja, na kwa kawaida mojawapo hufunikwa vibaya kuliko mengine. Yapitie yote na ukae na lililo bora, na uwe tayari kuhama katikati ya kipindi.

Machweo yana siri yake. Masafa ya juu yanahitaji ionosfia iliyoangazwa na jua pale wimbi linaporudishwa, na giza huja kutoka mashariki. Mtambo wa kuvuruga ulio mashariki ya msikilizaji unapoteza njia yake mapema, ilhali kituo kilicho magharibi bado kina mwanga njiani. Kwa muda huo kituo husikika na mvurugo umezimika. Mashirika ya utangazaji ya Ulaya Magharibi yalitumia nafasi hiyo kuwafikia Wasovieti wakati wa mvurugo mzito. Jaribu masafa ya juu kabisa ya kituo chako kuelekea machweo. Ikiwa mpangilio wa mahali ni kinyume, mvurugo magharibi na kituo mashariki, jaribu alfajiri.

Halafu ubavu wa wimbi. Matangazo ya AM hubeba sauti mara mbili, upande wa juu na upande wa chini wa wimbi la kati, na kila upande unatosha. Mvurugo mara nyingi haukai sawasawa katikati. Washa SSB, sikiliza upande wa juu, kisha wa chini, na urekebishe taratibu hadi sauti ya mtangazaji iwe ya kibinadamu. Penye sync kazi ni rahisi zaidi, maana redio hulishika wimbi la kati hata linapofifia na wewe unachagua upande tu. Bana kichujio hadi kilohezi 2.5 au 3. Sauti itakuwa butu, lakini maneno yatatoka. Kama kinachosumbua ni mluzi mmoja, tumia kichujio cha kukata masafa nyembamba. Kwenye SDR ni suala la kubonyeza na kuburuta.

Antena ya kitanzi, duara la waya au la bomba jembamba lenye kipenyo cha karibu mita moja, husikia vizuri upande mmoja na vibaya upande mwingine. Ukiizungusha polepole unaweza kumweka mvurugaji kwenye upande kiziwi. Inafanya maajabu kwa kelele za jirani na mitambo ya mjini ambayo mawimbi yake yanatambaa ardhini. Kwa mvurugo unaoshuka kutoka angani matokeo ni ya wastani, lakini wastani huo waweza kuwa ndio tofauti kati ya kuelewa sentensi na kutoielewa. Kwenye masafa ya kati, redio yoyote ya mkononi ina antena kama hiyo ndani yake. Igeuze redio yenyewe.

Mngurumo ukiwa umekaa katikati kabisa, una nguvu mara nyingi kuliko kituo na unatoka upande uleule, hakuna kitufe kitakachokuokoa. Hama masafa.

Hatua ya 7: Jilinde na uwalinde wengine

Katika nchi nyingi kusikiliza matangazo ya umma ni ruhusa, na kifungu cha 19 cha Azimio la Haki za Binadamu la 1948 kinataja haki ya kupokea habari bila kujali mipaka. Lakini sheria ya ulipo ndiyo itakayokugusa, kwa hiyo ijue. Ujerumani ilifanya kusikiliza redio za kigeni kuwa kosa la jinai tangu Septemba 1939, na Korea Kaskazini bado inawaadhibu watu kwa hilo. Ukipata taarifa kutoka kwa msikilizaji aliye ndani ya eneo linalovurugwa, ondoa jina, mji na sauti yake kabla ya kumpa mtu yeyote. Kwa hili nasisitiza kuliko mengine yote. Na usijaribu kurusha wimbi lolote kujibu mvurugo.

Hatua ya 8: Peleka taarifa

Mafundi wa vituo vinavyovurugwa huzihitaji taarifa, kwa kuwa ndizo zinazowasaidia kuamua wahame masafa gani na saa gani. Tumia SINPO, tarakimu tano za 1 hadi 5 ambapo 5 ni bora: nguvu ya wimbi, mwingiliano wa vituo au mvurugo, kelele za asili na za vifaa, kufifia, na hali kwa jumla. Mvurugo huandikwa kwenye tarakimu ya pili. Wengi huuweka kwenye ya tatu, na fundi akaelewa kwamba kulikuwa na radi.

Andika tarehe, saa ya UTC ya kuanza na kukoma, masafa, lugha, mambo mawili matatu uliyoyasikia kwenye kipindi, aina ya mvurugo, redio na antena yako, na mahali pa jumla ulipo. Kama ulitumia kipokezi cha mbali, kitaje kilipo. Kuficha hilo kunaharibu taarifa nzima. Ambatisha rekodi ya dakika moja au mbili inayoonyesha mpito, yaani kituo kabla ya mvurugo na baada ya kuanza, pamoja na picha ya skrini ikiwa una SDR. Lipe faili jina linaloanza na tarehe, kisha saa, kisha masafa, ili ukiwa na mamia yake uweze kuyapanga na kuona ni juma lipi mngurumo ulianza na ni lipi ulikoma.